Fundo la Jani

Uru, Jumapili, 17 Novemba 2024

Mume wangu Jovin,

Acha niandike tena, maana bado sijazoea: mume wangu, mume wangu, mume wangu!

Hujambo huko Kahe? Mbu wanakung'ata? Waambie wakuache, una mwenyewe. Mimi ni mzima wa afya, ila hamu imenizidi mpaka nimeanza kuongea na mbuzi. Namwambia, "Baba anakuja Krismasi," halafu namwonea huruma, maana Krismasi yenyewe ndiyo siku yake ya mwisho, maskini.

Najua unacheka na kusema siku hizi nani anaandika barua. Lakini simu yako imezama kwenye mfereji, na tulikubaliana hela ya kununua nyingine ingoje sikukuu ipite. Na simu ya Gidioni siitaki. Nitakuambiaje nakupenda huku mwenye simu amesimama hapo anaisubiri? Juzi alisema, "Shemeji, fupisha, chaji inaisha." Mwambie huyo rafiki yako mapenzi hayafupishwi. Melkior anashusha ndizi huko kila wiki, ameahidi kubeba barua zetu bure, akisema ni zawadi yake ya harusi kwa kuwa ile nyingine hakuitoa.

Mama bado yuko Kwa Sadala anamwangalia wifi Odilia na mtoto mchanga. Atarudi katikati ya Desemba, na nataka akirudi asiitambue nyumba yake. Usiogope, sinunui kitu! Unakumbuka harusi yetu? Viti vya kigango, gauni la kuazima, keki iliyokatwa vipande vidogo kama sukari guru, na bado watu wanasema ilikuwa tamu kuliko za ukumbini. Krismasi yetu ya kwanza itakuwa hivyo hivyo. Pazia nimeshona kwa kile kitenge changu kilichochanika. Kuta za sebuleni nimepaka chokaa iliyobaki kanisani. Pombe ya mbege tutashirikiana na Mama Eliona wa hapa jirani, sisi ndizi, yeye ulezi. Soda ya watoto itakuwa chupa moja kwa wawili, lakini nitaimimina kwenye vikombe kabla hawajafika, ili asiwepo wa kusema amepewa nusu.

Na mapambo, Jovin! Kule chini kwenye migomba nimekuta mimea ambayo kwetu Kasulu sijapata kuiona. Imesimama wima pamoja kama wanakwaya, majani marefu, mabichi, yanang'aa hata pasipo jua. Nimekata mengi nikayafunga madirishani, juu ya mlango, mpaka kwenye fremu ya picha ya baba. Nyumba imekuwa kama kanisa siku ya Matawi. Jani moja nimekufungia fundo, nimeliweka humu ndani. Fundo hilo ni mimi na wewe. Lala nalo.

Nimekuwekea pia mfuko wa dagaa wa Kigoma, mama yangu kaniletea kutoka kambini kwao, kule kiwanda cha sukari.

Halafu kuna jambo. Nimekuficha kitu, na najua mke hamfichi mumewe, lakini si kitu cha kuandikwa kwenye karatasi. Nitakuambia Krismasi, uso kwa uso, nikiwa nimekushika mikono. Nakuomba ukishakijua usinikasirikie kwa kunyamaza kwangu.

Wako mpaka wazee watuite wazee,
Eliza, mke wa Jovin

*

Kahe, 21 Novemba 2024

Eliza,

Barua nimeipata. Niliifungua mbele ya Gidioni kwa kuwa sikujua kilichomo. Kilipodondoka alikitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Pole, mangi." Akatoka nje.

Kwetu mtu akiletewa kitu kile hana ruhusa ya kukataa, hata kama moyo wake unakataa. Kwa hiyo mimi sikatai. Nimekusamehe.

Hilo jambo unalotaka kuniambia, naomba usiniambie. Nikilijua nitalibeba maisha yangu yote.

Krismasi sidhani kama nitakuja. Vitunguu vinataka mtu wa kuvilinda, na Gidioni ana watoto wanaomsubiri. Mbuzi mchinjeni tu.

Jovin

*

Uru, Jumapili, 24 Novemba 2024

Mume wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa jikoni, nikairudia, nikairudia, mpaka ndizi zikaungua.

"Nimekusamehe." Umenisamehe nini, Jovin? Niliwaza nikalia, kisha likanijia ghafla nikaanza kucheka na machozi yangu usoni. Ni dagaa! Mfuko ulichanika, wakamwagika mbele ya Gidioni. Kumbe huku kwenu kumpelekea mtu dagaa ni kumdharau, naye hata asipowapenda haruhusiwi kuwarudisha. Ungeniambia tu! Mimi ni mtoto wa Kasulu, kwetu hao dagaa wanapelekwa kwa mgeni wa heshima. Na huyo Gidioni anakupa pole ya dagaa? Mwambie siku atakayoonja ataniomba msamaha yeye.

Lakini kuhusu Krismasi sicheki. Ukoo wote unakuja, hata wale wa Dar na Mwanza. Mimi ndiye bibi harusi, nitakaa pale sebuleni kama kiti kisicho na meza. Baba mkubwa Wenseslaus akiniuliza, "Mume wako yuko wapi?" nitasema yuko na vitunguu?

Basi umenilazimisha. Nilitaka nikuambie chini ya mapambo yangu, siku watoto wanaimba, lakini labda ukijua utakuja hata kwa miguu. Jovin, nina mimba. Nilienda zahanati, nesi akaniambia, nikamkumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Ndilo hilo nililokuwa nakuficha! Unaona sasa kwa nini nilikuomba usinikasirikie? Nilikuwa nalihifadhi kama zawadi, maana zawadi nyingine sina.

Nimeanza kulisemesha tumbo. Nalisimulia habari zako. Nimeliambia baba yake akicheka anafunga jicho moja.

Njoo, baba wa mtoto wangu. Nakuandika hivyo kwa mara ya kwanza.

Eliza wako

*

Kahe, 1 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini dada Odilia na mtoto wanaendelea vizuri. Nimempa Melkior barua hii aipitishe huko Kwa Sadala kwa watu wake. Naomba isisomwe na mtu mwingine.

Mama, nina aibu kukuandikia haya. Siku kumi zilizopita Eliza aliniletea isale. Limefungwa fundo, limewekwa ndani ya barua, pamoja na maneno kwamba amenificha jambo na anaomba nisimkasirikie. Wewe ndiye uliyenifundisha tangu mdogo kwamba isale ni jani la kuomba msamaha na likishaletwa halirudishwi, awe aliyelileta amekuibia au amekuulia. Nikajibu nimemsamehe. Nilidhani ni jambo dogo, labda amegombana na mtu au ameuza kitu cha nyumbani.

Sasa amenijulisha jambo lenyewe. Ana mimba.

Mama, mwanamke mwenye mimba ya mumewe anamwomba mumewe msamaha wa nini? Ameandika kwa furaha nyingi, tena ananitania kuhusu dagaa, kana kwamba kwa kuwa nimeshasamehe basi yamekwisha. Nimekaa na Eliza siku chache tu kabla ya kuja huku. Sijui ni nani. Namfikiria kila mwanaume anayepita pale nyumbani, hata Melkior anayenibebea barua. Jana alinisalimia nikashindwa kumwitikia.

Siwezi kuvunja msamaha niliokwisha kuutoa. Lakini siwezi kuja kukaa mbele ya ukoo nikipongezwa. Niambie nifanye nini. Usimfukuze, ni mtoto wa watu na hana baya lingine.

Mwanao,
Jovin

*

Kambi ya kiwanda cha sukari, 9 Desemba 2024

Jovin,

Nakuandikia kutoka kwa wazazi wangu.

Nilingoja jibu lako. Melkior alipopita na gari tupu nilimkimbilia mpaka barabarani na unga mikononi. Akasema, "Shemeji, leo hajanipa kitu." Wiki iliyofuata nikamwuliza tena, akawa anatazama tairi. Nikambana. Akasema, "Mimi sijui, shemeji, ila kule Kahe wanasema umemwomba mume wako msamaha mkubwa." Nikamwuliza, "Msamaha wa nini?" Akasema, "Si wewe unajua?" Akaondoka haraka kama mtu ninayemdai.

Sijui, Jovin. Nimejichunguza kama mtu anayetafuta sindano kwenye kanga. Nimefikiri labda ni mtoto. Labda unaona amekuja mapema, kabla hatujapata bati la jikoni wala hiyo simu. Kama ni umaskini, mbona tulishauzoea? Nilifikiri sisi ni watu wa kuweza kufurahi na kidogo. Au nilikuwa nafurahi peke yangu?

Pale nyumbani nilikuwa nakaa chini ya mapambo yangu kama mtu aliyekuja kwenye sherehe siku isiyo yake. Usiku nilianza kuogopa sauti ya migomba. Mbuzi nimempeleka kwa Mama Eliona, na ufunguo nimemwachia yeye. Mama akirudi mwambie nimeondoka kwa heshima, nimefagia, na maji nimejaza pipa.

Baba yangu ameniuliza swali moja: "Amekupiga?" Nikasema hapana. Akaenda zamu yake. Mama yangu haniulizi chochote, ananipikia ugali wa muhogo kila siku kama mgonjwa.

Sitaandika tena mpaka uniambie nimekosa nini.

Eliza

*

Uru, 13 Desemba 2024

Jovin mwanangu,

Barua yako ilinikuta Kwa Sadala nikasoma nimesimama. Sikukujibu, nilitaka kwanza nimwone huyo msichana kwa macho yangu. Nimerudi nyumbani leo asubuhi. Mke wako hayupo. Mama Eliona amenipa ufunguo na amenipa na maneno, wewe unamjua.

Nikafungua mlango. Mwanangu, masale! Madirishani masale, mlangoni masale, juu ya picha ya baba yako isale limekunjwa kama tai ya shingoni. Nyumba nzima inaomba msamaha! Nilicheka nikakaa chini sakafuni na kikapu changu begani. Halafu nikakumbuka barua yako, kicheko kikakatika.

Jovin, mke wako ametoka wapi? Kasulu. Wazazi wake wamekuja kwenye miwa juzi juzi tu. Ni nani amemwambia isale ni nini? Wewe ulimwambia? Mimi sikumwambia, nilidhani atajifunza polepole kama alivyojifunza kumenya ndizi mbichi bila kujipaka utomvu. Yeye ameona majani mazuri ya bure, akapamba. Lile lako amelifunga fundo kwa mapenzi, kama wasichana wanavyofunga leso. Tena unajua ameyakata wapi? Pale kaburini alipolala baba yako. Nimeenda pale nikamwomba radhi Evaristo kwa niaba ya mkwewe. Sidhani kama amechukia. Alipenda nyumba ipendeze, ila mimi ndiye nilikuwa mvivu.

Sasa wewe. Nilikufundisha isale halirudishwi. Je, nilikufundisha pia kwamba likija usiulize? Mtu akileta isale anakuja na kosa lake mdomoni, analitaja, watu wanakaa, wanazungumza. Wewe umeona jani ukafunga masikio. Msichana anakuandikia habari ya mtoto wako kwa furaha nyingi, wewe unahesabu wanaume wanaopita njiani! Hata Melkior, mwenye wajukuu! Nimemsimulia, akasema, "Ndiyo maana Jovin alininyima hata salamu."

Kesho nakwenda kambini kumchukua mkamwana wangu, kama atakubali. Utanikuta huko. Vitunguu mwachie Gidioni, naye ana deni katika jambo hili kwa ile pole yake niliyoisikia kwa Melkior.

Na usithubutu kumpelekea isale. Hatalielewa, atalipanga dirishani. Mpelekee mdomo wako.

Mimi mama yako,
Mektrida

*

Uru, 26 Desemba 2024

Jovin,

Nakuandikia ukiwa upande wa pili wa ukuta. Nakusikia unavyosugua masufuria na mama anavyokuambia, "Hilo halijatakata, rudia." Nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo tangu kambini, kila nikianza naishia kukuuliza kama umekula. Kwenye karatasi nimekuwa jasiri siku zote.

Kwanza niseme yaliyo mema. Kule kambini hukujificha nyuma ya mama. Baba yangu alikutazama mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yako, nawe ukasema mbele yake, "Nilidhani mtoto si wangu, na sikumwuliza." Hakuna aliyekulazimisha kulisema lote. Ungeweza kusema ilikuwa habari ya jani tu, nami ningeamini, maana mimi huamini. Hilo nimelihesabu upande wako.

Na Krismasi ilikuwa nzuri, sitadanganya. Mama alikataa kuyatoa majani yangu. Baba mkubwa Wenseslaus alipoingia akasimama mlangoni na fimbo yake, akasema, "Ee, hapa nani amemkosea nani?" Mama akamjibu, "Wengi. Kaa unywe." Wote wakacheka, mimi nikakimbilia jikoni. Mtori ulitosha hata wale wa Dar waliokuja bila kusema. Watoto walikunywa soda yao kwenye vikombe wakatoka kucheza, hakuna aliyelia. Wifi Odilia alinipa mtoto wake nimshike, akasema, "Zoea." Nyama ilipogawiwa nilipata fungu langu la kwanza kama mke wa ukoo, na Mama Eliona akapiga kelele nipewe na la mtu wa pili.

Halafu ukasimama. Ukasema, "Ndugu zangu, mke wangu ana mimba, Mungu ametupa mtoto." Vigelegele vikapaa mpaka kwa majirani. Jicho lako moja likafunga, lile ninalolipenda. Siku hiyo niliiota tangu zahanati, Jovin. Niliiota mpaka rangi ya shati lako. Na ilipofika nilikaa pale natabasamu, huku nasikia sauti ile ile ikisema kule kambini kwamba ulidhani mtoto si wako. Nilitaka kufurahi nikashindwa kuinuka. Shangazi zako walidhani ni aibu ya bibi harusi.

Kuhusu jani, hatuna ugomvi. Mimi sikujua mila ya kwenu, wewe hukujua kwamba sijui. Tutalicheka tukiwa wazee. Lakini barua yangu ya pili haikuwa na jani. Ilikuwa na mimi mtupu. Nilikuambia kila kitu, na wewe ukachukua furaha yangu ukaifanya ushahidi. Kisha ukanyamaza. Wiki zile mbili nilimwomba mtoto msamaha kwa kosa ambalo sikulijua, nikimwambia labda mama yako amefanya jambo baya usingizini.

Jana usiku uliniuliza kama nimekusamehe. Nyinyi mkiletewa isale mnasamehe hapo hapo. Mimi sikuzaliwa na sheria hiyo. Sijakusamehe bado. Nitakusamehe, najijua, moyo wangu ni mwepesi na tayari umeshaanza kunisaliti kila nikikusikia unakohoa huko nje. Ila usiniharakishe. Nataka nifike huko kwa miguu yangu, nisifikishwe kwa vigelegele vya watu.

Sirudi kambini. Nguo zangu nimezitoa kwenye begi leo asubuhi, nimezipanga kabatini, zako upande ule, zangu upande huu. Nimekuambia hilo ili usije ukaona begi tupu ukaanza tena kufikiri peke yako.

Ukimaliza masufuria, bisha hodi. Usiseme samahani, hiyo umeshaisema na nimeisikia. Niulize siku zile nilipokuwa nangoja barua yako nilikuwa nawaza nini. Jibu ni refu. Njoo na kiti.

Eliza